Samaki Mkavu Naye Hulowekwa

Wahenga walinena kuwa samaki mkunje angali mbichi. Methali hii nimeifundisha kwa zaidi ya miaka 30, na kila mwaka nimewapa wanafunzi maana ile ile iliyomo vitabuni: mtoto hufunzwa angali mdogo, kwani akisha kukomaa hafunziki tena. Wanafunzi huinukuu katika insha zao, watahini huitilia alama ya vema, nasi sote huenda zetu tumeridhika. Haikunipitikia akilini kwamba methali hiyo yaweza kuwa na upande wa pili hadi nilipohamishiwa kaskazini mwa Turkana, nikaanza kuishi miongoni mwa watu ambao kukausha samaki ndiyo kazi yao.

Lowarengak ni kituo kidogo kwenye ufuo wa magharibi wa Ziwa Turkana, si mbali na mpaka wa Kenya na Ethiopia. Hapa ngege na sangara huvuliwa, hupasuliwa, hutiwa chumvi na kuanikwa juani mpaka wakawa wakavu kama vigae. Mtoto yeyote wa hapa atakwambia kuwa ng'onda ukijaribu kumkunja atavunjika. Lakini mama yake atakwambia jambo jingine: mloweke majini usiku kucha, asubuhi utamkunja utakavyo.

Nayaandika haya kwa kuwa mimi mwenyewe nimeanza kukauka. Umri wangu ni miaka 56. Tangu mwaka wa 2009 mtumishi wa umma nchini Kenya hustaafu atimizapo miaka 60, kwa hivyo hesabu yangu si ngumu. Hata mwanafunzi wa darasa la pili aweza kuifanya. Tena naandika kwa sababu nina deni, na afadhali nilikiri mapema kabla msomaji hajaniona kuwa mtu mwema kuliko nilivyo.

Mwaka wa 2022 ulikuwa mwaka mbaya. Misimu minne mfululizo ilikuwa imekwisha kupita bila mvua ya maana, na wa tano ulikuwa njiani kufanya vivyo hivyo. Mzee mmoja alianza kuja shuleni asubuhi, akaweka ekicholong chake, kile kiti kidogo cha mti ambacho mwanamume wa Kiturkana huenda nacho kila aendako, chini ya dirisha la darasa la saba, akaketi. Alikuja wakati wa kipindi cha Kiswahili. Wanafunzi waliporudia neno baada yangu, naye alilirudia huko nje, amechelewa kidogo, kwa sauti ya kukwaruza. Wanafunzi wakacheka. Siku ya kwanza nilivumilia, ya pili nilivumilia. Siku ya nne nilitoka nje nikamwambia, kwa kinywa cha kijana mmoja aliyenitafsiria, kwamba shule si baraza na watoto wana mtihani.

Hakujibu neno. Alisimama, akajifunga shuka yake vizuri, akachukua kiti chake, akaenda. Niliporejea darasani hakuna aliyecheka tena, na kimya kile kingetosha kunifahamisha nilichokuwa nimefanya.

Ilipita wiki nzima kabla sijaelezwa habari yake na mwanafunzi aliyekuwa jirani yao. Mzee huyo alikuwa mfugaji bara, mbali na ziwa. Mbuzi wake walikufa karibu wote, ngamia wake akamuuza kwa bei ya kutupa, akaja kukaa kwa mwanawe ambaye ni mvuvi. Ziwa hakulijua. Vijana hawakutaka kumpakia mashuani kwa kuwa wimbi la Ziwa Turkana halina heshima kwa mvi. Wakeza mwanawe walimpa chakula, naye alikila akitazama chini. Ndipo akapata wazo. Malori huja kununua samaki, na wenye malori huzungumza Kiswahili. Mwanawe hakisemi sawasawa, na mara nyingi hupunjwa. Mzee aliamua kujifunza lugha hiyo ili awe yeye ndiye anayesimama mbele ya mnunuzi na kupatana bei. Alikuwa amejitafutia kazi. Mimi, mwalimu wa Kiswahili, ndiye niliyemwachisha.

Watu wa huku nyanda za juu na mijini tunapozungumzia ukame, tunazungumzia magunia. Ni haki, kwani njaa ni njaa, na mwenye tumbo tupu hasubiri. Inakadiriwa kuwa mifugo zaidi ya milioni 2 ilikufa nchini Kenya katika ukame ule wa mwaka wa 2020 hadi 2023. Lakini tusiomiliki mbuzi hatuelewi kilichokufa pamoja nao. Kwa Mturkana, mnyama ndiye neno la kuanzia mazungumzo. Kwa mifugo mtu huoa na kuozesha, kwa mifugo humfanya mgeni kuwa rafiki, kwa mifugo hulipa kosa na kuomba baraka. Rafiki aliyekupa fahali mwaka wa shida ni ndugu yako hadi kufa. Zizi likibaki tupu, mtu hapotezi maziwa na nyama tu; hupoteza sababu ya kutembelewa. Akiwa kijana, huanza upya. Wazee huusimulia ukame walioupa jina la Lopiar, ule ulioanza mwaka wa 1979 na kufagia kila kitu, na wengi wa wanaousimulia ndio hao hao waliojenga mazizi upya kutoka mbuzi wawili watatu. Walikuwa na miaka 20 wakati huo. Pigo lile lile likimkuta mtu ana miaka 60 si pigo lile lile tena.

Nimewahi kuambiwa na mwenzangu mmoja katika chumba cha walimu kwamba haya ya furaha na huzuni za watu wazima ni anasa za wazungu, na kwamba mtu wa Turkana hana nafasi ya kuulizana hali ya moyo. Nilikubaliana naye kwa muda, maana ni kweli kwamba habari hizi nyingi huandikwa kwingine. Ni mtaalamu Elliott Jaques aliyeanza, mwaka wa 1965, kuuandikia msukosuko wa umri wa makamo, na aliokuwa akiwafikiria hawakuwa wachunga ngamia. Lakini mwingine, Erik Erikson, alisema jambo ambalo mzee yeyote chini ya mti angelitambua: kwamba mtu aliyefikia makamo hutatizwa na swali kama anawalea na kuwafaa wanaomfuata, au amekwama palepale kama maji ya dimbwi, na kwamba baadaye, uzeeni, huyatazama maisha yake yote akayakubali au akayakatia tamaa. Sioni anasa hapo. Aliyekaa chini ya dirisha langu alikuwa ameulizwa swali hilo na ukame, naye alikuwa amelijibu vizuri kuliko walimu wengi ninaowafahamu.

Hapo Lokitaung, mwendo mfupi kutoka Lowarengak ukipanda milimani, pana kisa ambacho tungekifundisha zaidi kuliko tunavyofanya. Sote tunajua kwamba Jomo Kenyatta alihukumiwa Kapenguria mwezi wa Aprili 1953, kifungo cha miaka saba na kazi ngumu, na kwamba alifungwa Lokitaung hadi mwaka wa 1959, kisha akazuiliwa Lodwar hadi mwaka wa 1961. Hayo huandikwa ubaoni, yakanakiliwa, yakasahauliwa. Yasiyoandikwa ubaoni ni umri. Kenyatta alizaliwa katika miaka ya 1890, mwaka wenyewe haujulikani kwa hakika. Kwa hivyo aliingia gereza lile la jangwani akikaribia miaka 60, huku wenzake, akina Bildad Kaggia, Fred Kubai na Paul Ngei, wakiwa vijana mbele yake. Alionekana kuwa mzee mno kwa kazi ya kuvunja mawe, akafanywa mpishi.

Hebu tulifikirie jambo hilo bila ya utukufu uliokuja baadaye. Mtu aliyesoma London, aliyeandika kitabu kilichosomwa na wataalamu, aliyehutubia maelfu, anachemshia wafungwa wenziwe chakula katika joto la Lokitaung. Nao wenziwe hawakumpenda wote. Ugomvi baina yao uliandikwa na waliokuwamo. Machoni pa serikali ya kikoloni alikuwa amekwisha. Hakuna aliyemwambia kwamba mwaka wa 1963 angekuwa waziri mkuu. Mpishi yule hakujua.

Mwaka wa 1954 akaletwa Lokitaung Waruhiu Itote, yule Jenerali China wa Mau Mau, kijana wa miaka 32 aliyekuwa ameponea chupuchupu kunyongwa. Itote mwenyewe ameandika kwamba Kenyatta ndiye aliyemfundisha Kiingereza gerezani. Mimi si msifu wa utawala wa Kenyatta, na nina orodha yangu ya malalamiko ambayo si ya leo. Lakini kama mwalimu nainamisha kichwa kwa masomo yale. Mwanafunzi alikuwa mtu mzima aliyehukumiwa kufa. Mwalimu alikuwa mzee aliyevuliwa kila cheo isipokuwa sufuria. Palikuwa na daftari baina yao, au hata pengine hapakuwa na daftari. Nani alimwokoa nani humo ndani? Itote alitoka akaja kuwa mmoja wa viongozi wa Huduma ya Vijana kwa Taifa. Kuhusu Kenyatta, sidhani mzee anayefundisha kila siku hupata muda wa kutosha wa kujiona amekwisha.

Wanaoishi huku wana mpango wao wa kale ambao unaeleza jambo hili kuliko saikolojia yangu ya kuazima. Wanaume wa Kiturkana wamegawanyika pande mbili, Ngimor na Ngirisae, yaani Mawe na Chui. Mtoto wa kiume huwa upande ule ambao baba yake hayumo. Baba akiwa Jiwe, mwana ni Chui, na mjukuu hurudi kuwa Jiwe. Maana yake ni kwamba babu na mjukuu ni wa upande mmoja. Nilipolifahamu hili nililikumbuka dirisha kwa uchungu wa aina mpya. Nilikuwa nimemfukuza mzee kutoka kwa watu wa upande wake. Mimi niliona mtu mzima amepotea njia akaingia kwa watoto. Yeye na watoto wale, kwa hesabu yao, walikuwa wamekaa mahali pamoja.

Hapa msomaji atakuwa amekwisha kumkumbuka Kimani Maruge, nami sitamkalia sana kwa kuwa anafahamika. Elimu ya msingi ilifanywa bila malipo mwezi wa Januari 2003. Mwaka uliofuata Maruge, akiwa na miaka 84, alivaa kaptura na soksi ndefu akajiandikisha darasa la kwanza katika shule ya Kapkenduiywo, Eldoret. Mwaka wa 2005 alipelekwa New York kuzungumzia elimu mbele ya wakubwa wa dunia. Ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 zilimhamisha makao, naye akafariki mwaka wa 2009. Kilichonikera siku zote ni namna tulivyomshangilia. Tulimpiga picha kama kioja, kama mtoto aliyeota meno mapema. Ikiwa mzee mmoja kushika kalamu ni muujiza wa kupeperushwa ulimwenguni, basi tumekubali kimoyomoyo kwamba wengine wote waachwe walipo. Hapana aliyeuliza ni wangapi walikuja madirishani wakafukuzwa.

Tusisahau kwamba nchi hii iliwahi kulichukua jambo hili kwa uzito. Mwaka wa 1979 serikali iliunda idara nzima ya elimu ya watu wazima, na masomo ya ngumbaru yakafika vijijini. Nakumbuka nikiwa mtoto, mama yangu akirudi kutoka ngumbaru jioni, amebana daftari kwapani kama msichana, akiimba. Sikumbuki kama alisoma vizuri. Nakumbuka kuimba. Katika shule nyingi za leo darasa la jioni limebaki jina tu, na mwalimu wake ni wa kujitolea anayelipwa ahadi.

Na Katiba ya mwaka wa 2010 haikunyamaza. Kifungu cha 57 kinalitaka taifa lihakikishe kwamba wazee wanashiriki kikamilifu katika mambo ya jamii, wanafuatilia maendeleo yao ya kibinafsi, wanaishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na wanatunzwa na jamaa zao na serikali. Yasome tena hayo ya pili. Maendeleo ya kibinafsi! Waliotunga Katiba hawakusema mzee alishwe tu. Walisema ana haki ya kuendelea kukua. Tulichotekeleza zaidi ni lile la mwisho, kwa mpango wa Inua Jamii, ambao tangu mwaka wa 2018 umewafungulia waliotimiza miaka 70 shilingi 2,000 kwa mwezi. Fedha hizo sizidharau. Nimeona zikinunua unga. Lakini aliyepoteza zizi akiwa na miaka 58 ana miaka 12 ya kungoja, na hata akifika hapo, shilingi 2,000 hazimrudishii wageni.

Sijawataja wanawake. Si kwa kuwasahau, bali kwa kuwa shida yao naiona ni ya sura nyingine. Mama wa hapa hastaafu. Akiwa na miaka 65 bado anateka maji, anapasua samaki, anasuka vikapu kwa majani ya mikoma, analea wajukuu ambao mama zao wameenda Lodwar au Kitale kutafuta. Anahitajika kupita kiasi. Upweke wa mwanamume asiye na la kufanya na uchovu wa mwanamke asiyeachiwa pumzi vyaweza kukaa katika boma moja, na kila mmoja asimwone mwenziwe. Nikipewa nafasi ya kuwashauri wazee wa kiume jambo moja, ningewaambia waanzie kwenye mtungi wa maji. Najua wangenicheka, na pengine kuchekwa huko ni zamu yangu.

Kakuma nako kuna habari yake. Kambi ilifunguliwa mwaka wa 1992, vijana wa Sudan walipowasili kwa miguu. Aliyefika akiwa na miaka 20 na bado yumo sasa ana zaidi ya 50. Amepita ujana wote katika mahali palipoitwa pa muda. Huyo makamo yake hayakumjia kama yanavyomjia mtu wa shamba, aliyepanda akavuna; yamemjia akiwa bado anangoja kuanza. Walimu waliofundisha kule huniambia kwamba wanafunzi wao wenye bidii kuliko wote katika masomo ya jioni huwa watu wa namna hii. Sishangai.

Nikirejea kwetu sisi walimu, ambao ndio hasa ninaotaka wanisikie. Sisi tunaostaafu tunafanana na mfugaji aliyefiwa na zizi kuliko tunavyopenda kukubali. Kwa miaka 30 tumeitwa mwalimu na kila mtu, mpaka wake zetu na waume zetu. Asubuhi moja kengele inalia, na si kwa ajili yetu. Nimeona wenzangu watatu wakiondoka kwa sherehe, mbuzi akachinjwa, blanketi zikatolewa, hotuba zikawa ndefu. Mmoja alianza kunywa. Mmoja alirudi kwao akafungua duka, akalifunga, akawa haonekani hata kanisani. Wa tatu yuko salama salimini, na nilipochunguza sababu nikaona ni ndogo mno: kila Jumamosi huwafundisha vijana wa bodaboda kusoma mikataba ya mikopo kabla hawajaitia sahihi. Katika chumba cha walimu tunazungumzia malipo ya uzeeni kwa ukamilifu wa mawakili. Sijasikia hata mara moja mwalimu akimwuliza mwenziwe, "Na siku ya Jumatatu, mwalimu, utaamkia nini?"

Shaaban Robert alikiita kimojawapo cha vitabu vyake Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini. Huwa tunawafanyisha wanafunzi wakariri jina hilo katika orodha ya kazi zake. Mtu huyo alikuwa karani wa serikali kwa sehemu kubwa ya uhai wake, alimzika mkewe Amina akamtungia shairi, naye akafa mwaka wa 1962 akiwa na miaka 53. Hakuipata miaka mingi baada ya hamsini. Lakini alijua kwamba inahitaji kitabu chake.

Jambo ninaloliomba kwa walimu wakuu ni jepesi na halina gharama. Mtaala mpya unataka watoto wa madarasa ya chini wafunzwe kwa lugha ya mazingira yao, na walimu wengi tulioletwa kutoka kwingine hatuijui Kiturkana ya kutosha hata kuomba chumvi. Walio nayo wamekaa chini ya miti. Waitwe. Wasiitwe siku ya wazazi kuja kupiga makofi. Waitwe Jumanne saa tatu, waeleze majina ya nyota, ya maradhi ya ngamia, ya miaka. Nao wakitaka kubaki kipindi kinachofuata wajifunze kuhesabu kwa Kiswahili, waachwe wabaki. Watakaocheka watazoea. Wanafunzi wanaoyasoma haya nao wana la kufanya: anayejua kusoma amsomee babu yake karatasi ya kliniki, kisha amwonyeshe herufi zilizomo, moja kwa siku.

Nilimtafuta mzee wangu. Nilifika kwa mwanawe mapema mwaka wa 2023 nikiwa na kilo mbili za sukari na maneno niliyoyapanga njiani. Nikaambiwa amekwenda bara kwa jamaa yake aliyepata mbuzi wachache, kwani mvua ilikuwa inatazamiwa. Mwanawe hakuwa na kinyongo, aliniambia tu, "Mwalimu, mzee alijua mpaka ishirini." Kisha akaongeza kwamba siku moja kabla ya kuondoka alisimama mbele ya mwenye lori akazihesabu kreti kwa Kiswahili kwa sauti, na walipofika ishirini akaanza tena na moja, akapata ishirini ya pili, na hesabu ikatoka sawa.

Sukari niliiacha pale. Kwa dereva mmoja wa lori anayepita bara nimetuma ujumbe mara mbili kwamba dirisha la darasa liko wazi, na sasa hata kiti kimewekwa kwa ndani. Jibu sijalipata.